Nipe mchana na usiku

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana mzee mmoja ninayemhudumia kazini, ana miaka tisini na ushee lakini kichwani yuko timamu kunishinda mimi, aliniuliza hivi wewe umekaa huku miaka sita hujafika Newgrange? Nikamwambia sijafika, si makaburi yale, nikafuate nini. Akacheka mpaka akakohoa ikabidi nimletee maji. Afu akasema kitu kikanikaa kichwani wiki nzima, akasema sisi tulivokuwa watoto wakubwa walikuwa wanatuambia jua linaingia mle ndani, kuna siku linaingia mpaka mwisho kabisa, na hakuna msomi aliyekuwa anajali mpaka alipokuja profesa kutoka Cork.

Kwa wasiojua, naishi Drogheda, mji wa Ireland uliokaa kwenye mto Boyne karibu na pale unapoingia baharini. Newgrange iko juu kidogo ya mto huohuo, kilomita chache tu, kibao chake cha rangi ya kahawia nakipita kila nikienda shifti. Na kweli ni kaburi, ila sio la kuchimba shimo ukafukia. Ni kilima kilichojengwa na watu kwa mawe na udongo, upana wake kama mita 85, ubavuni kina mlango, na ukiingia mlangoni kuna kichochoro cha mawe urefu wa mita 19 kinakupeleka mpaka kwenye chumba. Waliokijenga ni wakulima wa zamani sana wa kisiwa hiki, karibu mwaka 3200 kabla ya Kristo, watu hawajui chuma, hawana gurudumu, wana mashoka ya mawe na kamba na mabega yao. Ile piramidi kubwa ya Giza kule Misri ilikuwa bado miaka mia sita hivi ndo ije ijengwe.

Lakini kabla sijaingia kaburini ngoja niwaambie habari ya giza maana bila hiyo hamtanielewa.

Mtu wa Tanga saa yake inaanza na jua. Jua limechomoza ni saa kumi na mbili, likipanda kidogo saa moja, basi, hujiulizi mara mbili. Huku mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza saa tatu kasoro na saa kumi na dakika chache limeshazama, yani ukiwa na shifti ya mchana unaingia giza unatoka giza, jua unaliona kwa dirishani tu kama mtu unayemfahamu kapita upande wa pili wa barabara hajakusalimia. Na likiwepo halipandi juu, linajikokota hukohuko chini, saa sita mchana kivuli chako kirefu kama mnazi. Mwaka wa kwanza nilidhani naumwa. Nalala, nikiamka najisikia kama sijalala, nikaenda kwa daktari akanipa vitamini D akasema utazoea. Sijazoea. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna watu miaka elfu tano iliyopita walikokota mawe na udongo tani laki mbili ili waione asubuhi ambayo giza linaanza kurudi nyuma, mimi simshangai hata kidogo, ningeshika kamba na mimi.

Basi nikapata ofu Jumatano moja mwezi wa kumi na mbili, siku kama kumi kabla ya ile siku fupi kuliko zote, nikaenda.

Gari huendi nalo mpaka mlangoni. Unapaki ng'ambo ya mto upande wa Donore, unakata tiketi, unavuka daraja la miguu, afu kuna kibasi kinakupandisha kilimani. Pale darajani nikasimama kidogo kwa sababu kwenye majani kando ya mto kulikuwa na yale mabata makubwa meupe ya shingo ndefu, yanakuja kila baridi kutoka Iceland, yanapiga kelele kama watu wanaogombania kiti kwenye daladala. Yakumbukeni hayo mabata nitayarudia.

Muongozaji wetu alikuwa dada mmoja mchangamfu sana (nyie mnaoandika "gaidi alitutembeza" naomba muache, siku moja mtakamatwa). Kitu cha kwanza unachokiona ukishuka kwenye basi ni ukuta mkubwa mweupe mbele ya kilima, mawe meupe ya kung'aa yaliyotoka milima ya Wicklow huko kusini, na kati yake vijiwe vyeusi vya mviringo kama zabibu kwenye keki. Unapendeza, mimi nilipiga picha kama ishirini, baadae ndo nikaambiwa ule ukuta umesimamishwa miaka ya 1970 na nyuma yake kuna zege. Yani mawe ni yaleyale ya zamani, yalikutwa yamelala chini mbele ya kilima, ila kuna wataalamu wanasema hayakuwahi kuwa ukuta, yalikuwa yametandazwa chini kama sakafu ya ua. Kwa macho yangu ya kienyeji upo wima mno, kama ukuta wa benki. Lakini haya, ugomvi wao.

Mimi kilichonishika ni jiwe la mlangoni. Limelala kwa ubavu mbele ya mlango, refu kumzidi mtu mrefu akilala, limechorwa lote kwa mizunguko ya konokono inayoingiana, mmoja unamuachia mwingine, hakuna pa kuanzia wala pa kumalizia, na hawakuchora kwa chuma, waligonga jiwe kwa jiwe, kitone kimoja kimoja. Ukisogea karibu unaviona vile vitone. Kilima kizima kimezungushiwa mawe makubwa 97 namna hiyo, na mengi inasemekana yalitoka Clogherhead, huko pwani, hapohapo sisi tunapoenda kuota jua siku mbili za mwaka, wakayaleta kwa maji mpaka mtoni afu wakayapandisha kilimani. Mimi nikibeba mifuko miwili ya shopingi ghorofa ya pili nalala.

Kuingia sasa. Begi unaacha nje, picha hakuna. Kichochoro chenyewe mwanzoni unasema aah kumbe kawaida, afu mawe ya kulia na kushoto yanaanza kukuegemea, kuna sehemu lazima uiname na kwengine ugeuke ubavu, na mimi na lile koti langu la baridi linalofanana na godoro nikanasa. Nikanasa kweli, mzungu nyuma yangu anasema pole pole mama chukua muda wako, huku mimi nasoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Kumbe njia yenyewe inapanda, hujui kama unapanda kwa sababu inapanda kidogokidogo, ila ukifika chumbani miguu yako iko juu ya mlango ulioingilia karibu mita mbili. Hilo nalo likumbukeni.

Chumba kina umbo la msalaba, uwazi katikati na vijichumba vitatu pembeni, na vijichumba vina sinia za mawe ambamo walikuwa wanaweka mifupa na majivu ya watu wao. Unatazama juu, mawe yamepangwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka limeingia ndani kidogo kuliko la chini yake mpaka huko juu kama mita sita wamefunika na jiwe moja. Hakuna saruji. Na hakuvuji! Hii nchi inanyesha mvua mpaka mtu unasahau rangi ya mbingu, na lile paa halijawahi kutengenezwa na mle ndani mawe makavu, nimeyashika kwa mkono wangu. Siri yao ni kwamba mawe ya paa waliyachimbia vijifereji kwa juu maji yakipita yatiririke pembeni, na mianya ya kichochoro wakaiziba kwa udongo wa kuchomwa na mchanga wa baharini. Ndani ya ule udongo kulibaki mkaa, na ule mkaa ndo uliopimwa ikajulikana umri wa kaburi. Nyumba ninayopanga mimi imejengwa mwaka 2005 na bafuni inavuja, mwenye nyumba anasema ni mvuke.

Kwenye mawe kuna majina ya watu waliochokora, mengine ya karne ya 19, watalii hawajaanza leo kukosa adabu. Maana lilivokuwa limefunikwa na majani na miti lilisahaulika kama kaburi, likaonekana kilima tu, mpaka mwaka 1699 mwenye shamba anaitwa Charles Campbell akatuma vibarua wakachukue mawe ya kutengenezea barabara, wakachimba wakakutana na mlango. Kwa msomi huko ndo "kugunduliwa". Kwa wenyeji hapakuwahi kupotea. Mbele ya mlango zimekutwa sarafu za Kirumi na vito vya dhahabu, watu waliokuja kuweka nadhiri zaidi ya miaka elfu tatu baada ya kaburi kujengwa, wakati hakuna aliyejua tena nani kalala mle. Mtu aliyewahi kuingia mapango ya Amboni kule kwetu Tanga akaona vitambaa na chupa za marashi pale chini haitaji kuelezwa.

Afu dada akazima taa.

Giza lile sio giza la chumbani, ni giza la kufungua macho ukajiuliza umeyafungua kweli. Hakuna aliyesema neno, mtoto mmoja tu akamuuliza mama yake kitu kwa sauti ndogo. Wakawasha kitaa cha kuigiza jua, mstari mwembamba wa rangi ya machungwa ukaingia kwa chini sakafuni, ukatambaa, ukaja mpaka miguuni kwetu. Ni taa ya umeme najua. Nililia hata hivo, msiniulize.

Profesa wa Cork ndo huyu: Michael O'Kelly, alichimba pale kuanzia mwaka 1962 mpaka 1975. Juu ya mlango akakuta kijidirisha cha mawe, na hakuna aliyeelewa kazi yake, dirisha la nini kaburini. Wakati huohuo wenyeji walikuwa wanamwambia yale aliyoniambia mzee wangu, kwamba jua linaingia mpaka huko mwisho wa chumba, kwenye jiwe lenye michoro mitatu ya konokono. Siku gani, hakuna anayejua, watu wanasema tu. Angeweza kusema hizi ngano za vijijini, tena inaonekana mwanzoni alidhani wamechanganya na Stonehenge, yale mawe ya kale ya Uingereza ambayo nayo yana habari ya jua. Lakini akapiga hesabu: mlango unatazama kusini mashariki, basi kama ni jua, litakuwa jua la siku fupi kuliko zote. Tarehe 21 Desemba 1967 akaendesha kutoka Cork, akaingia, akakaa gizani akasubiri. Karibu saa tatu asubuhi mwale ukapita kwenye kijidirisha, sio mlangoni, kwenye kijidirisha, kwa sababu sakafu ya chumba iko sawa na kijidirisha (nimewaambia njia inapanda), ukaenda mpaka mwisho wa chumba ukapanuka, chumba kikawa na mwanga wa kuona mpaka paa. Dakika 17. Afu ukakatika, giza likarudi.

Kijidirisha kimejengwa kwa kazi hiyo tu. Mlango ulikuwa unazibwa kwa jiwe. Walio hai walikuwa nje kwenye baridi, jua linaingia kwa wafu peke yake.

Siku hizi ukitaka kuwa ndani asubuhi ile unajaza fomu, kuna miaka wanaojaza wanafika elfu 30, majina yanachomolewa na watoto wa shule za jirani, na wanaopata ni wachache sana. Na ukipata bado mawingu, hii ni Ireland. Nimejaza. Msijaze nyie mtanipunguzia bahati.

Nikarudi kazini nikamwambia mzee nimeenda. Akaniuliza unajua hiyo siku kwa Kiairishi inaitwaje? Grianstad. Grian ni jua, stad ni kusimama. Jua limesimama. Maana kwa siku kadhaa linachomoza palepale, halisogei. Afu ndo akaanza kunipa hadithi, nikawa namaliza dawa za wengine narudi kwake, wenzangu wakasema leo una mgonjwa mmoja tu.

Ng'ambo kidogo ya Newgrange kuna kilima kingine cha namna hiyohiyo kinaitwa Dowth. Hadithi ya Dowth iko hivi. Kulikuwa na mfalme anaitwa Bressal, zama zake ng'ombe wa Ireland walikufa kwa maradhi wakabaki saba na fahali mmoja. Akawaita wanaume wote wa nchi waje wamjengee mnara wa kufika mbinguni kama ule wa Nimrodi. Wakasema sawa lakini tunakupa siku moja tu, usiku ukiingia tunaenda zetu. Dada yake mfalme alikuwa na uganga, akasema nitalizuia jua lisizame mpaka kazi iishe. Akalizuia. Watu wakawa wanajenga, wanajenga, siku haiishi. Sasa mfalme akamtamani dada yake, akalala naye, na uganga ukavunjika palepale, giza likaanguka, watu wakatupa mawe chini wakaenda makwao. Mahali pakaitwa Dubad, giza, ndo hilo Dowth, na kilima kikapewa na jina la pili, kilima cha dhambi, kwa ajili ya walichofanya ndugu wale wawili. Hadithi hii imeandikwa kwenye vitabu vya watawa karibu miaka elfu moja iliyopita.

Sasa kaeni vizuri. Mwaka 2020 watafiti wa vinasaba wa Trinity College Dublin walipima mfupa wa sikio wa mwanaume aliyezikwa ndani ya Newgrange, kwenye chumba kilekile nilicholilia, wakakuta wazazi wake walikuwa ama kaka na dada wa damu, ama mzazi na mtoto wake.

Mimi nilivosoma nilikuwa kwenye basi, nikapitiliza kituo.

Watafiti wenyewe walisema pengine ilikuwa ukoo wa kifalme, kama mafirauni waliooana ndugu ili damu isitoke nje, na wakaitaja hadithi ya Dowth, kwamba je, watu wameibeba kumbukumbu miaka elfu nne? Magazeti yakapiga kelele, "mfalme". Afu mwaka 2025 wanaakiolojia wengine wakaandika kuwapinga, wakasema mfupa mmoja wa mtu mmoja hauleti ufalme, huyo ni mtu mmoja tu aliyezaliwa hivo, na wenzake waliolingana naye kwa vinasaba kwenye makaburi mengine ni ndugu wa mbali sana, haionekani nyumba ya kifalme pale. Mimi hapo niko na hawa wa pili kwenye ufalme, siwezi kumvika mtu taji kwa mfupa wa sikio. Na tena mfupa ni wa Newgrange, hadithi ni ya Dowth. Lakini hadithi yenyewe siiachii. Watu walisema jua linaingia, linaingia. Wakasema ndugu walilala pamoja hapa na jua likasimama, na huko chini ukikoroga majivu unakuta yote mawili. Inaweza ikawa imesadifu, kwa miaka elfu nne lugha yenyewe ilibadilika na watu wapya wakaingia kisiwani, najua. Mzee nilivomuuliza akasema binti, hadithi ni kama mimi, inasahau imeweka wapi miwani lakini inakumbuka nani alimuoa nani.

Ila ninayoipenda zaidi ni ya Newgrange yenyewe, na nilimsimulia mama kwa simu Jumapili yake, ndo maana hasa ya kuandika leo.

Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, umekula? Nimekula. Sauti yako kama ya njaa. Nimekula mama, sikiliza hadithi.

Hapo zamani huku kulikuwa na miungu yao, mkubwa wao anaitwa Dagda. Akampenda mke wa mtu, anaitwa Boann, na huu mto ninaoishi ndo jina lake. Mumewe Boann, Elcmar, ndo aliyekuwa na ile nyumba, ile nyumba ya kaburi, kwao kaburi lile ni jumba. Dagda akamtuma Elcmar safari, afu akamfanyia dawa asisikie njaa wala kiu wala asione usiku, jua likamsimamia miezi tisa akadhani ni siku moja. Huku nyuma Boann akapata mimba, akajifungua mtoto wa kiume, wakamuita Oengus, wakampeleka akalelewe kwengine.

Mtoto akakua, akajua baba yake ni nani, akamuendea akasema mbona sina ardhi. Dagda akamfundisha ujanja. Nenda siku ya Samhain, mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, siku hiyo ni ya amani hakuna anayebeba silaha, utamkuta Elcmar anatazama vijana wanacheza, mkononi ana kijiti cha panda tu. Mtishie na upanga lakini usimuue. Mwambie akupe ufalme wa nyumba ile, mchana na usiku. Akishakubali, usitoke mpaka mhukumiwe, na hakimu niwe mimi.

Elcmar akaona mchana na usiku si kitu, ni siku moja, akakubali. Kesho yake anarudi, toka nyumbani kwangu. Oengus akasema sitoki. Wakaja kwa hakimu.

Hapo muongozaji wetu kule kaburini alikwama. Alichukua dakika nzima kuelezea, kwamba Kiairishi hakina kile ki-a cha Kiingereza cha kuonyesha kitu kimoja, kwa hiyo lá agus oíche inaweza ikawa mchana mmoja na usiku mmoja au... na wamarekani wanatikisa vichwa kama wameelewa. Mimi sikuhitaji kuelezewa. Na mama wala sikumaliza. Nimefika tu kwa hakimu, nikasema mama, kamwambia nipe mchana na usiku,

"Hee! Kashadhulumiwa nyumba huyo!"

Akacheka yule mama, anacheka huku anaita jirani aje asikie. Mchana na usiku! Si ndo siku zote! Fundi anakwambia nafanya kazi mchana na usiku atakuwa na maana ya siku moja? Na ndivo Dagda alivohukumu: dunia nzima ni mchana na usiku, hakuna kingine, umempa yote. Elcmar akapewa kilima kingine, Oengus akabaki na jumba mpaka leo. (Kuna wanaosimulia kwamba aliyeibiwa ni Dagda mwenyewe, na mwanae. Hiyo nayo mama aliipenda.) Na Oengus huyohuyo ndo alimuota msichana mpaka akaugua, akamkuta ziwani yuko kwenye umbo la bata mweupe wa shingo ndefu, akajigeuza bata na yeye wakaruka pamoja mpaka jumbani kwake wakiimba, waliosikia ule wimbo wakalala siku tatu mchana na usiku. Mabata yale yanayogombania kiti. Kwa kweli kwa sauti ile sidhani kama ningelala.

Nikadhani hadithi imeisha, mama kanyamaza kidogo, nasikia redio yake na mtu anasugua sufuria kwa nyuma.

"Na yule mume," akasema, "alivorudi safari hakusikia nyumba inanuka mtoto mchanga?"

Nikamwambia hadithi inasema mkewe alikuwa keshapona, mtoto keshaondolewa, na yeye mwenyewe kwa akili yake alitoka asubuhi na karudi jioni.

"Miezi tisa anaona siku moja."

"Ndo hivo mama, walimsimamishia jua."

"Haya. Na wewe uliniambia unaenda mwaka mmoja."

Nikamwambia mama tiketi za mwezi wa sita zimepanda, naangalia za mwezi wa tisa.